Uzi wa Pamba Ndani ya Nyumba ya Hita

Mombasa, adui mkubwa wa cherehani ni kutu. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa nguo, akishonea barazani pa duka moja la vitambaa katika Mtaa wa Biashara, na kila jioni kabla ya kufunga alipitisha kitambaa chenye mafuta juu ya Singer yake: kwenye gurudumu, kwenye kibati cha chini ya sindano, hata kwenye skrubu ndogo ambazo mteja hazioni. Sindano alizifungia ndani ya mkebe wa peremende pamoja na kipande cha kitambaa kilicholowa mafuta. Ukiiacha sindano wazi wakati wa mvua kubwa za Aprili na Mei, unaikuta imeota madoa, na madoa hayo huhamia kwenye kanzu nyeupe ya mwenyewe. Majora ya nguo yalifanya kawa. Mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu uliota ukungu. Karibu kila alichonifundisha kuhusu kutunza vyombo vya kazi kilihusu namna ya kuyazuia maji yaliyomo hewani.

Kuhusu uzi alikuwa na machache ya kusema. Aliushika kwa mikono miwili, akauvuta mpaka ukakatika, akasikiliza mlio wake, kisha akaamua kama unafaa kununuliwa. Sikumsikia hata mara moja akisema kwamba uzi uliokuwa mzuri Agosti unaweza kuwa mbovu Januari ilhali umekaa kwenye rafu ileile. Pwani jambo hilo halitokei. Kaskazi ikivuma unyevu hupungua kidogo, kusi ikija huzidi, lakini bahari iko palepale na uzi wa pamba hauishiwi na cha kunywa.

Nimeishi Saint Paul, jimbo la Minnesota, tangu 1997. Nilikuja kumfuata mume wangu aliyekuwa masomoni, tukiwa na nia ya kurudi amalizapo, tukabaki. Majira ya baridi ya kwanza yalinifunza kwamba baridi ya huku ni ukame pia. Midomo ilipasuka, visigino vikachanika, na kila nilipogusa kitasa cha mlango kilinirushia cheche. Leso niliyojifunga nyumbani iling'ang'ania miguu kana kwamba imelowa, kumbe ni umemetuli. Katika kushona sikuona tofauti yoyote, kwa sababu wakati huo nilikuwa nikipinda suruali na kufupisha magauni ya majirani kwa uzi wa poliesta, kazi fupifupi ambazo uzi hauna muda wa kulalamika.

Tofauti niliiona nilipoanza kushona mifarishi, ile ambayo Wamarekani huiita kwilti. Mwaka 2001 nilijiunga na kikundi cha akina mama waliokutana kila wiki katika ukumbi wa mtaa, wengi wao watu wazima wenye asili ya Norway, Uswidi na Ujerumani. Minnesota ina historia ndefu katika kazi hii. Makanisa ya Kilutheri ya huku yamekuwa kwa miaka mingi yakitengeneza mifarishi ya msaada inayotumwa nchi za nje kupitia Lutheran World Relief. Mingi ya mifarishi hiyo hufungwa tabaka zake kwa vifundo vya uzi mnene, ni kazi ya haraka isiyohitaji cherehani, na hewa ya nyumba haiidhuru. Kundi letu lilipenda kushona tabaka kwa cherehani, na hapo ndipo hewa inapoingia kazini.

Aliyewahi kuushika mfarishi lakini hajaushona anaweza kudhani kwamba ugumu uko kwenye kukata na kuunganisha vile vipande vya rangi. Hiyo ni kazi ya kwanza, nayo ni nyepesi. Kazi ya pili ni kuzishona pamoja tabaka tatu: uso wa vipande, pamba ya katikati, na kitambaa cha mgongo. Meno ya cherehani yanashushwa ili yasivute nguo, na mshonaji mwenyewe ndiye anayeisukuma kwa viganja vyake, mbele, nyuma, ubavuni, akichora mawimbi na maua kwa sindano iliyosimama mahali pamoja. Uzi unavutwa kila upande. Mafundi wengi wanaoshona nguo tu hawajui kwamba kipande kimoja cha uzi wa juu hupita kwenye tundu la sindano mara nyingi sana, huku na huku, kabla hakijatulia ndani ya mshono. Kila sindano ishukapo, ndoana ya chini hunyakua kitanzi kikubwa cha uzi na kukizungusha kasha la bobini, kisha sehemu kubwa ya kitanzi hicho hurudishwa juu. Mahali palepale pa uzi panasuguliwa na chuma tena na tena. Ukiwa laini na wenye nguvu, unavumilia. Ukiwa mkavu, unaanza kuota manyoya.

Mshona kwa mkono hana taabu hiyo. Anakata uzi wenye urefu wa mkono wake, anaupitisha kwenye nta ya nyuki, anauvuta taratibu. Kuna hata uzi wa mkono uliopakwa ulaini kiwandani kabisa, ambao haufai kutiwa kwenye cherehani kwa sababu ulaini wenyewe hung'ang'ania kwenye visahani vya tensheni. Kwa vizazi vingi mifarishi bora ya Marekani ilikuwa ya mkono, na hadi miaka ya 1980 wengi waliona kwamba mfarishi uliopigwa cherehani tabaka zake ni kazi ya daraja la pili. Mwaka 1987 Harriet Hargrave alitoa kitabu cha kufundisha kazi hiyo kwa cherehani cha kawaida cha nyumbani. Mwaka 1989 Caryl Bryer Fallert akatwaa tuzo kuu katika maonyesho ya American Quilter's Society mjini Paducah, Kentucky, kwa mfarishi ulioshonwa tabaka kwa cherehani. Baada ya hapo mlango ukafunguka. Nilipoingia mimi, ubishi wa mkono na cherehani ulikuwa umekwisha karibu wote. Uliobaki ni mwingine: kitambaa cha pamba kishonwe kwa uzi wa pamba, basi. Wazee wa kikundi walishikilia kwamba poliesta, kwa kuwa ni ngumu kuliko pamba, itakuja kukata kitambaa kidogokidogo miaka ikipita. Nami nilinunua uzi wa pamba ndefu ya Misri, mzuri, wa bei.

Majira ya joto ulishona vizuri mno. Desemba ukaanza kukatika.

Mombasa tungesema cherehani kinakata uzi, na fundi yeyote angekimbilia mambo yaleyale: sindano imepinda, tensheni imekaza, uzi umetiwa vibaya, kibati kina kovu la sindano iliyowahi kukigonga. Niliyapitia yote. Nilibadilisha sindano kutoka namba 80 hadi 90, nikaweka ile yenye tundu kubwa iliyoundwa kwa mishono ya juu ya nguo, nikalegeza tensheni. Ikawa nafuu, haikuwa tiba. Uzi ulifumuka karibu na sindano, nyuzinyuzi zikajikusanya kama kibonge kidogo cheupe juu ya tundu, halafu tap, umekatika. Cherehani kilikwenda duka la matengenezo. Fundi alikisafisha, akakipa mafuta, akanionyesha kitambaa alichokijaribia chenye mishono safi kabisa. Nikatazama ule mshono kwa karibu: alikuwa ametumia poliesta. Hilo lilikaa kichwani mwangu.

Bibi mmoja wa kikundi, mzaliwa wa mashamba ya kaskazini mwa jimbo, ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna fundi aliyeniuliza: nyumba yako ina maji? Nyumbani kwake, juu ya redieta ya chuma, sufuria la maji lilikaa kuanzia Novemba hadi Machi. Uzi wake wa pamba aliuweka usiku ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko, na pembeni sponji iliyokamuliwa vizuri isije ikadondosha maji. Asubuhi anautoa, anashona. Mama yake, alisema, alifanya hivyo hivyo, ila kwa kitambaa kibichi na bakuli.

Nilimwelewa mara moja, kwa sababu nyanya yangu alikuwa akisuka mikeka. Hakuna msusi wa pwani anayesuka miyaa mikavu. Huinyunyizia maji, huifunika kwa gunia, huiacha inywe, ndipo inapokubali kupinda bila kukatika. Uzi wa pamba nao umetoka kwenye mmea. Ni uzi wa selulosi kama ule ulioko ndani ya ukindu, na una kiu ileile.

Nikanunua kipima unyevu, kidude cha bei ndogo chenye namba mbili, moja ya joto na moja ya unyevu. Asubuhi moja ya Januari kilionyesha asilimia 17 mezani pangu. Mombasa kipimo cha kawaida ni kama asilimia 75 au 80. Nilikuwa nikiulazimisha uzi ufanye kazi katika hewa ambayo baba yangu hakuwahi kuivuta hata siku moja.

Sababu yake ni hesabu rahisi, nami niliihangaikia mpaka nikaielewa, maana sipendi kuamini jambo bila kujua linavyofanya kazi. Hewa ya baridi haina uwezo wa kubeba maji mengi. Hewa ya digrii 20 za Selisiasi chini ya sifuri, hata ikiwa imejaa kabisa, hubeba takribani gramu moja tu ya maji kwa kila mita ya ujazo. Ileile hewa ikiingia ndani kupitia nyufa za dirisha na kupashwa na hita hadi digrii 20 juu ya sifuri, ina nafasi ya kubeba gramu 17. Maji hayakuongezeka, nafasi ndiyo iliyoongezeka. Unyevu unashuka hadi kama asilimia 6. Kinachoiokoa nyumba ni kupika, kuoga, kufua, mimea ya dirishani na pumzi za watu. Nyumba ya zamani ya mbao yenye madirisha yasiyofunga sawasawa, kama tuliyokuwa nayo, inaingiza hewa kavu kwa kasi kuliko sufuria za pilau zinavyoweza kufidia.

Na pamba hufuata hewa. Maabara za nguo hupima nyuzi katika unyevu wa asilimia 65 na joto la kama digrii 20, na katika hali hiyo pamba hubeba maji ya kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake mkavu. Unyevu ukishuka hadi 20, maji yaliyomo ndani ya pamba hushuka hadi chini ya nusu ya hayo. Maji hayo machache ndiyo yanayoilainisha. Pamba ni miongoni mwa nyuzi chache ambazo huwa na nguvu zaidi zikilowa, ilhali viskosi hudhoofika. Pamba ikikauka inakuwa ngumu, hainyumbuki, na kila inaposuguliwa kwenye tundu la sindano inaachia vumbi lake. Poliesta haina habari: hubeba maji chini ya nusu ya asilimia moja, iwe Lamu iwe Saint Paul. Ndiyo maana mshono wa fundi wa matengenezo ulikuwa safi.

Nilipolijua hili, nilianza kuliona kila mahali katika historia ya kitambaa. Lancashire huko Uingereza palistawi viwanda vya pamba kwa sababu nyingi, makaa ya mawe, mito, bandari ya Liverpool, na mojawapo ni upepo wa magharibi wenye unyevunyevu. Pale ambapo unyevu wa Mungu haukutosha, wenye viwanda walipuliza mvuke ndani ya kumbi za kufumia ili uzi usikatike. Wafumaji walifanya kazi nguo zikiwa zimelowa jasho na mvuke, kisha wakatoka nje kwenye baridi. Walipigania haki yao, na mwaka 1889 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuweka mipaka ya unyevu viwandani. Lowell, Massachusetts, wasichana waliofanya kazi kwenye vitanda vya kufumia walifungiwa madirisha hata majira ya joto, kwa sababu hiyohiyo, wakivuta vumbi la pamba ndani ya hewa nzito. Inaniuma kila nikifikiria: uzi ulitunzwa kuliko mapafu ya aliyeufuma.

Na kitambaa hicho kilifika kwetu. Kuanzia miaka ya 1830, baada ya Sayyid Said kutiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, merikebu za wafanyabiashara wa Salem zilileta Unguja shehena za merekani, nguo nyeupe ngumu isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Misafara iliibeba hadi bara kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, ndivyo vilivyoikata biashara hiyo na kuwapa nafasi Manchester na Bombay. Kwa hiyo mababu zetu wa pwani walijifunga nguo ambayo uzi wake uliwekwa hai na mvuke wa makusudi, katika nchi ya baridi kavu kama hii ninayoshonea leo.

Hata AC, ambayo Mombasa tunaipenda kwa kupoza, mwanzo wake haukuwa starehe ya watu. Willis Carrier alibuni mtambo wake wa 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ambako karatasi zilitanuka na kusinyaa kwa unyevu. Mwaka 1906 Stuart Cramer, mhandisi wa viwanda vya nguo vya North Carolina, ndiye aliyeipa kazi hiyo jina linalotumika mpaka sasa, na mtambo wake yeye ulikuwa wa kuongeza maji hewani kwa ajili ya uzi. Ndugu yangu anashonea Muscat, kwenye chumba ambacho AC haizimwi mchana kutwa. Nilimuuliza kama uzi wake wa pamba unamsumbua. Hapana, alisema. AC hukamua maji hewani, lakini pwani ile ina maji mengi kiasi kwamba hata baada ya kukamuliwa hubaki ya kutosha uzi.

Huku kwetu watu walikuwa na dawa zao, na si zote zinafaa. Iliyoenea zaidi ni kuweka uzi kwenye friji. Nimeijaribu, na sababu za kutofaa kwake ziko wazi. Friji za siku hizi zenyewe hukausha hewa ndani yake. Ukiutoa uzi kwenye friji ya digrii 4 na kuuleta katika chumba cha digrii 20 chenye unyevu wa asilimia 20, hautapata hata tone la umande, kwa kuwa hewa hiyo haiwezi kuangusha umande mpaka ipoe chini ya sifuri. Uliotoka kwenye friza, ambayo ni digrii 18 chini ya sifuri, unaweza kushika utando mwembamba wa barafu kwa dakika chache, na pengine ndiyo maana wapo wanaoapa kwamba friza inasaidia. Sanduku na sponji ya bibi yule vinashinda yote hayo, maana hewa ndani ya sanduku lililofungwa hujaa unyevu na pamba ina usiku mzima wa kuinywa. Sharti ni moja: uzi usikae humo kwa siku nyingi. Ukungu niliouacha Mombasa unaujua uzi uliko.

Mafuta ya silikoni ya uzi nayo nayatumia, mstari mwembamba kando ya rili. Hayarudishi maji, yanapunguza msuguano tu. Kwa uzi mkavu uliokwisha kuwekwa kwenye cherehani ni msaada wa haraka.

Ubishi wa poliesta nao umelegea. Uzi huo ulizaliwa Uingereza mwaka 1941, kwenye maabara ya John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, na kwa miaka mingi ule uliofika mikononi mwa washona mifarishi ulikuwa wa kung'aa ovyo na kunyumbuka kupita kiasi. Wa leo ni mwembamba, hauna mng'ao, hauachi vumbi. Wenye mashine kubwa za fremu, zinazopiga mishono zaidi ya elfu mbili kwa dakika, wengi wamehamia huko, na mifarishi yao sijaiona ikichanika. Hata hivyo naona wanaodai kwamba poliesta imemaliza tatizo la hewa kavu wamesahau umemetuli. Katika unyevu wa chini ya asilimia 35 hivi, uzi wa poliesta hujisugua kwenye visahani vya tensheni na kujaa chaji. Unaruka na kujibandika kwenye ubavu wa cherehani, unajizungusha kwenye kijiti cha rili, vumbi la pamba ya katikati linanata kwenye kasha la bobini hata brashi hailing'oi. Pamba ya katikati ikiwa nayo ni ya poliesta, ukiitandaza inakufuata mikono. Hewa kavu inautesa kila uzi kwa njia yake.

Kilichobadilisha kazi yangu kuliko dawa zote ni nyumba. Mwaka 2009 tulibadilisha madirisha na kuziba nyufa za darini kwa ajili ya kupunguza gharama za gesi. Sikuwa nikifikiria uzi hata kidogo. Januari iliyofuata kipima unyevu kilisoma 28 bila ya sufuria wala mashine. Maji ya jikoni na bafuni yalikuwa hayatoroki tena. Nikaongeza mashine ya kuongeza unyevu, na hapo nikajifunza jambo jingine. Ile ya kwanza ilikuwa ya kutoa ukungu kwa mtetemo, na ukungu huo hubeba madini ya maji. Wiki moja tu, leso nyeusi niliyokuwa naishona ilikuwa imetandwa na vumbi jeupe. Nikahamia ile yenye utambi na feni, ambayo maji huvukizwa na madini hubaki kwenye utambi. Huo unabadilishwa kila baada ya muda, na tangi linaoshwa, kwani maji yaliyolala huota vijidudu.

Ninaweka unyevu kati ya asilimia 35 na 40. Hapo uzi wa pamba unashona kwa amani. Baridi ya nje ikizidi sana nashuka hadi 25 au chini yake, maana vioo vya madirisha huanza kutoka jasho, jasho huganda, na maji yake huozesha mbao. Siku hizo ama nashona kwa poliesta, ama nautoa uzi wa pamba sandukuni kwa mafungu, rili moja ikishona nyingine ikinywa. Nyumba nayo ina haki yake. Anayeongeza mvuke bila kutazama madirisha anauponya uzi na kuubomoa ukuta.

Kazi iliyoupima utaratibu huu ni mfarishi wa leso za marehemu mama. Dada zangu walinitumia doti zake zote, nyingine zimechakaa pindo, nyingine hazijawahi kufuliwa na bado zina ule ugumu wa dukani. Zile mpya nilizifua kwanza kutoa wanga. Nilikata mji wa kila leso nikaupanga katikati, nikatumia pindo kama mpaka, na majina yake nikayaacha mazima ili yasomeke. Binti yangu alikuwa anatarajia kujifungua Machi, kwa hiyo kushona kuliangukia Februari. Sikutaka poliesta kwenye leso za mama. Nilizungusha mshono kwenye kila herufi ya kila jina, kwa uzi wa pamba mwembamba wa namba 50, sindano 80, mwendo wa polepole. Kipimo mezani kilikuwa 38. Uzi ulikatika mara chache tu, nyingi zikiwa pale ambapo mshono wa kuunganishia ulikuwa mnene, na hiyo ni ada ya kazi. Mjukuu amelala juu yake tangu wiki ya kwanza ya maisha yake.

Siku hizi kwenye kikundi chetu wapo mabinti wa Kisomali, Wakenya, na akina mama wa Kikongo waliopitia kambi za wakimbizi za Tanzania, na wote wamejifunza kushona mahali ambapo hewa ina maji ya bure. Wa kwanza kuniambia kila Desemba kwamba cherehani kimeharibika ni wao, na vyerehani vyao vingi ni vizima. Gharama ya matengenezo huku ni kubwa, huizidi bei ya kipima unyevu mara nyingi, na inaniudhi kuona mtu mwenye kipato kidogo akilipia kosa ambalo halimo ndani ya mashine. Maduka ya uzi yangeweza kuandika kwenye lebo unyevu unaoufaa uzi wa pamba, jinsi yanavyoandika unene wake na namba ya sindano. Nimelisema hilo mbele ya wauzaji, na nitaendelea kulisema.

Kwa hiyo wewe unayeshona Minneapolis, Toronto au Oslo, uzi wa pamba ukianza kukatika baridi iingiapo, badilisha sindano kwanza, kwa kuwa ni rahisi na huenda imechoka. Ukiendelea kukatika, nunua kipima unyevu kabla ya kumlipa fundi. Kiweke mezani karibu na sindano, mbali na hita na mbali na mashine ya mvuke, kiache saa chache, kisha usome. Kikiwa chini ya asilimia 30, uzi ulale sandukuni na sponji iliyokamuliwa, ujaribu asubuhi kwenye kipande cha kitambaa. Na namba uliyoisoma iandike kwenye karatasi ileile unayoandika aina ya uzi, namba ya sindano na tensheni, ili majira ya baridi yajayo usianze upya.